AJALI INA KINGA
Somo juu ya vijana wanaotutoka mapema

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni zito kidogo. Si somo la mbolea, wala si somo la kuchuma kahawa. Ni somo juu ya vijana wanaotutoka mapema, na juu yetu sisi tunaobaki. Lisome polepole. Ukichoka, weka gazeti chini, pumzika, kisha urudi. Na kama jirani yako ameanza kusahau kusoma, msomee kwa sauti.

Mzee akifa, tunalia. Lakini katika kulia kwetu tunasema: alilima, akaoa, akasomesha, akaona wajukuu. Akifa kijana wa miaka ishirini na miwili, tunasema nini? Ngoro alizochimba mwezi wa Machi bado zina maharage yake. Tofali alizofyatua ziko pale pale, zimefunikwa nyasi, zinangoja nyumba. Na rafiki zake, wale waliocheza naye mpira na kuchota naye maji tangu utoto, wanasimama kando ya kaburi wakitazama chini. Hawajui waweke wapi mikono yao. Mzazi anafiwa na mwana, jambo hilo tunalijua na tunalipa heshima yake. Lakini kijana aliyefiwa na rafiki, nani anampa pole? Mara nyingi anapewa jembe achimbe kaburi, basi.

Tunapozika, yako maneno mawili tunayoyasema sana. La kwanza ni: "Kazi ya Mungu haina makosa." Neno hili sina ugomvi nalo. Ni neno la faraja, na wafiwa wanahitaji faraja. La pili ni: "Ajali haina kinga." Hili, ndugu msomaji, ndilo nataka tulipekue leo. Ukilikubali jinsi lilivyo, maana yake hakuna la kujifunza. Tunafukia kaburi, tunakula matanga, tunarudi barabarani kungoja zamu ya mwingine.

Wazee wetu waliwahi kukutana na neno la namna hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vidogo. Kabla ya hapo wengi walidhani homa na kuhara ni mambo ya kuja yenyewe tu. Katika vikundi walijifunza kuuliza: mbu huyu ametoka wapi? Maji haya yamepita wapi? Wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Hawakuacha kumwomba Mungu. Waliongeza kuuliza.

Basi na sisi tuulize juu ya pikipiki.

Hapa Matiri, kama kwingine Mbinga, pikipiki imetusaidia. Hakuna asiyejua. Mama mwenye uchungu wa uzazi usiku anafikishwa kwa mganga. Gunia la mahindi linatoka kwenye ntambo ambako gari haliwezi kupanda. Kijana asiye na shamba la kahawa anapata riziki yake. Mtu asije akasema mwandishi huyu anachukia bodaboda. Mimi mwenyewe napanda pikipiki karibu kila wiki kwenda kutembelea madarasa ya kisomo.

Lakini tazama njia zetu. Ziko za udongo, zenye mteremko na kona, na mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Kiangazi vumbi ni kama ukungu. Upande wa Ruanda na Kitai yanapita malori makubwa ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, na ukiwa nyuma ya lori lile huoni kitu. Na kule ilikofika lami, kutoka Songea kuja Mbinga na kushuka mpaka Mbamba Bay, barabara imekuwa nzuri, na uzuri wake unamwambia kijana: kaza mwendo.

Kijiwe kimoja ninachokifahamu kilizika vijana wawili katika kiangazi kimoja. Mazishi ya yule wa pili niliyahudhuria. Wenzake walikuja na pikipiki zao, nyingi sana, wakalitangulia gari la jeneza kwa honi na kelele za injini. Wengine walisimama juu ya viti wakati pikipiki inakwenda. Hakuna hata mmoja aliyevaa kofia ngumu. Walikuwa wanampa rafiki yao heshima, nilielewa hivyo, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Lakini nilijisemea moyoni: jamani, wanamsindikiza kwa mwendo ule ule uliomwua.

Jioni, watu wa ukoo walikaa pamoja. Wamatengo wanajua sengu: watu wanakula pamoja, na baada ya kula jambo linazungumzwa mpaka linaisha. Siku hizi katika nyumba nyingi sengu imebaki jina tu, lakini siku ile walikaa. Kijana mmoja wa kijiwe akasema, "Babu, siku yake ilikuwa imefika."

Mzee akajibu, "Sawa, mjukuu wangu, siku ilifika. Lakini siku hiyo iliamkaje? Nisimulie tangu asubuhi."

Kijana akaanza kusimulia, na mzee akawa anauliza. Taa ya pikipiki ilikuwa imeungua tangu wiki iliyopita. Mbona haikutengenezwa? Kwa sababu hesabu ya tajiri ilikuwa imelala siku tatu, na kila shilingi iliyopatikana ilikwenda kwenye hesabu. Mbona alitoka usiku? Kwa sababu walitokea abiria wawili waliotoka kilabuni wakataka wapelekwe pamoja, na nauli ya wawili ni nzuri. Aliwapakia mishikaki? Ndiyo, Babu. Na yeye mwenyewe alikuwa amekunywa? Kimya. Kofia alikuwa nayo? Alikuwa nayo, ilining'inia kwenye usukani. Mzee akasema, "Basi siku hiyo haikuja peke yake. Ilishikwa mkono na watu wengi."

Ndugu msomaji, maneno ya mzee huyu yana somo zima ndani yake. Ajali ni kama mnyororo. Ina pete nyingi, na pete moja ikikatika mnyororo haufungi. Taa ingetengenezwa, huenda angekiona kile kilichokuwa mbele. Abiria wangekuwa mmoja, pikipiki ingeshika breki vizuri zaidi. Kofia ingekuwa kichwani, huenda leo yuko nyumbani na mguu uliofungwa bandeji.

Na tazama mikono iliyoshika pete hizo. Si ya dereva peke yake. Uko mkono wa tajiri anayetaka hesabu kila jioni hata kama mvua imenyesha siku nzima. Uko mkono wa mzazi aliyeuza kahawa, akanunua pikipiki mwezi wa Agosti, akamkabidhi mwanawe aliyejifunza kuendesha siku mbili uwanjani, bila leseni. Na mkono wako wewe abiria, unayempiga begani na kusema, "Kijana, kaza, nimechelewa." Umechelewa wapi? Mnadani. Sisi ndio tunaowafundisha mwendo, halafu tunashangaa.

Pombe nayo nisiipite. Vile viroba, pombe kali ya vifuko iliyokaa vizuri mfukoni mwa dereva, Serikali ilivipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Lakini ulanzi na komoni havikai mfukoni, vinakaa tumboni, na kichwa ni kile kile. Mtu aliyekunywa anachelewa kuona, anachelewa kuamua, na ubaya zaidi anajiona hodari.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana tumejifunza hesabu si kwa kuuzia kahawa tu.

Pikipiki ikienda kilometa 60 kwa saa, inakwenda meta ngapi kwa sekunde moja? Kilometa 60 ni meta 60,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya 60,000 kwa 3,600. Utapata 16 na ushee, karibu 17. Sasa nenda uwanja wa mpira. Kutoka mstari wa goli mpaka ukingo wa ile tunayoiita kumi na nane ni meta 16 na nusu. Basi sema "moja" kwa sauti ya kawaida: pikipiki imeshavuka eneo lote la penalti. Na sekunde moja hiyo ndiyo mtu huitumia kushtuka tu, mtoto anapokatiza njia. Breki bado haijaguswa!

Akigusa breki, pikipiki haisimami hapo hapo. Kwenye njia kavu na nzuri, yule wa kilometa 30 kwa saa hutembea meta 8 akishtuka, na kama 7 akishika breki. Jumla 15. Yule wa kilometa 60 hutembea 17 akishtuka. Na za breki je? Wengi hujibu 14, kwa kuwa mwendo umekuwa mara mbili. Sivyo. Mwendo ukiwa mara mbili, njia ya breki inakuwa mara nne. Ni kama meta 28. Jumla 45, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Hiyo ni njia kavu, na matairi mazima. Kwenye tope la mwezi wa Februari, au tairi likiwa kipara, hesabu hiyo inaongezeka.

Kwa hiyo kijana akisema, "Mimi nina breki nzuri," mwambie achukue kalamu.

Tuje kwenye kofia ngumu. Wapo wanaodhani kazi yake ni kukwepa polisi. Kazi yake ni hii. Chukua yai, lidondoshe juu ya jiwe. Linapasuka. Chukua yai jingine, lifunge vizuri ndani ya kapu la pumba, dondosha kapu. Yai linaweza kupona, kwa sababu pumba inabonyea na kulipunguzia kishindo. Ndani ya kofia kuna tabaka nene jepesi, mfano wa pumba ile. Linabonyea badala ya kichwa. Ndiyo sababu kofia iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu haifai tena, hata kama nje inang'aa. Na ndiyo sababu kofia isiyofungwa mkanda ni bure: inaruka kabla ya kichwa kufika chini. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi waliona kwamba kofia hupunguza vifo vya wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa karibu asilimia 40. Maana yake, kati ya watu 10 ambao wangekufa, karibu 4 wangekuwa hai. Wanne hao ni vijana wa kijiwe kimoja.

Akina mama wengine hulalamika kwamba kofia ya abiria ina jasho la watu. Ni kweli. Beba kitambaa chepesi, kivae ndani yake. Nywele zitasukwa tena.

Jambo hili si la Mbinga peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1 na laki 2 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Na kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Yaani umri wa kucheza, wa kusoma, wa kuoa.

Sisi Watanzania hatujasahau Karatu. Tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha walikuwa safarini kwenda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao wa Karatu. Penye mteremko wa Rhotia basi lao liliacha njia, likaangukia bondeni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Siku chache baadaye majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na nchi nzima ililia. Fikiri darasa lile. Mtoto ambaye siku hiyo hakusafiri, alirudi kukaa na nani?

Lakini katika basi lile watoto watatu walipona. Wageni kutoka Marekani waliokuwa wakipita, mmoja wao muuguzi, walisimama, wakasaidia kutafuta nani bado ana pumzi. Watoto hao walipelekwa kutibiwa Marekani, wakarudi nyumbani mwezi wa Agosti mwaka ule ule, wakiwa hai. Hapa kuna pete nyingine ya mnyororo, ile ya mwisho: tunafanya nini dakika zile za kwanza? Mara nyingi sisi tunakusanyika, tunapiga yowe, na siku hizi wengine wanapiga picha kwa simu.

Ukikuta ajali, kwanza zuia magari, usije ukagongwa wewe. Weka matawi barabarani pande zote mbili, mbali kidogo. Mtu mmoja apige simu. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Sogeza shavu lako karibu na mdomo wa majeruhi, tazama kifua chake. Anapumua? Usiseme "amekufa" kwa kumtazama tu. Damu ikitoka kwa wingi, kunja kanga au kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, usifunuefunue kuchungulia. Usimvute mkono wala kumkalisha, kwa maana huenda shingo au mgongo vimeumia, na ukivikunja unaweza kumlemaza kabisa. Kama lazima ahamishwe, watu wanne au watano wamwinue kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, alazwe juu ya ubao au mlango. Usimvue kofia kwa kuivuta, ila kama hawezi kupumua. Maji asipewe, wala pombe. Na ile desturi ya kumkalisha majeruhi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, tuiache. Tafuta gari, hata la mizigo.

Fomu ya polisi, ile PF3, ni muhimu. Lakini isiwe sababu ya mtu kulala barabarani akivuja damu. Mmoja aende kituoni kwa fomu, wengine waende na majeruhi.

Wenzetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, watasema: kwetu vijana huchukuliwa na maji. Ni mnyororo ule ule. Upepo wa kusini, ule wanaouita mwera, huvuma kwa nguvu miezi ya kiangazi, na mvuvi mzee anajua kuusoma mapema. Kijana anasema dagaa hawasubiri. Mtumbwi umejaa, boya hakuna, na wengi wetu hatujui kuogelea ingawa tumezaliwa ufukweni. Mv Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, watu zaidi ya 800 walikufa, na ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi chake. Meli au mtumbwi, ukizidisha mzigo umekwisha kufunga pete ya kwanza.

Nirudi kwa wale rafiki waliobaki, maana nilisema mapema kwamba hakuna anayewapa pole. Nimewatazama. Mmoja anaanza kunywa kila jioni. Mwingine anakwenda mbio zaidi kuliko mwanzo, akisema, "Hata mimi nitakufa tu, kwani nini?" Watu humwita jeuri. Mimi naona ni huzuni iliyokosa mahali pa kukaa. Huyo asigombezwe kwanza. Mjomba au shangazi amwite, ampe uji, amwache asimulie habari za rafiki yake, walivyokwenda Mbinga kwa miguu, walivyogombana, kila kitu. Asiambiwe "mwanamume halii". Akishasema, ndipo aulizwe: taa ya pikipiki yako inawaka?

Kile kijiwe nilichokitaja kilifanya hivyo baadaye, bila semina wala mgeni rasmi. Walikubaliana asiye na taa asitoke baada ya magharibi, na anayekwenda na mishikaki akae benchi siku tatu. Faini zao wananunulia kofia za abiria. Kofia ya marehemu, ile iliyokuwa kwenye usukani, mama yake aliwapa. Mmoja wao anaivaa. Matajiri wawili wamekubali hesabu ipunguzwe siku za mvua kubwa. Wa tatu bado anakataa, na vijana wanamjua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mtaje kijana mmoja wa kijiji chenu aliyekufa kwa ajali. Simulieni siku yake tangu asubuhi. Hesabuni pete za mnyororo. Ni ipi ambayo mmoja wenu angeweza kuikata?

2. Pikipiki inakwenda kilometa 80 kwa saa. Inakwenda meta ngapi kwa sekunde moja? (Jibu: 22 na ushee.) Nendeni uwanjani mkapime kwa hatua.

3. Abiria anafanya nini dereva akikataa kupunguza mwendo? Jaribuni kuigiza: mmoja awe dereva, mmoja abiria mama mzima, mmoja abiria mwanafunzi.

4. Katika nyumba yenu iko pikipiki? Andika katika daftari: taa ya mbele, taa ya nyuma, breki, matairi, kofia ya dereva, kofia ya abiria. Kagua leo kabla jua halijazama, uweke alama kwa kila kilicho kizima.